Pesa imekatwa, tiketi hakuna, na logi iko kimya

Kitu kinachoniuma kuliko vyote nikifungua kodi, yaani maandishi ya programu, ya mfumo wa watu ni catch tupu. Mtu ameandika try, sehemu ya kujaribu kazi, ndani kaweka kazi nzito inayogusa pesa za watu, halafu chini kaweka catch, sehemu ya kukamata kosa kazi ikifeli, isiyo na kitu, au yenye mstari mmoja tu wa kurudisha "OK". Mfumo hauanguki, ukurasa unafunguka vizuri, mwenye kampuni anaona mambo yanaenda, kumbe kosa limemezwa. Mfumo ukianguka wote utajua tu, watu watapiga simu kwa pamoja na hamtalala. Ila huu unaomeza makosa unaumiza mtu mmoja mmoja, leo huyu kesho yule, na kila anayelalamika anaonekana msumbufu maana wenzake wote wamehudumiwa vizuri.

Nimekaa miaka kadhaa na mifumo ya kukata tiketi za mabasi hapa Dar, upande wa seva, na nataka nielezee niliyoyaona huko kuhusu kukamata makosa na kuyaandika kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu za mfumo. Naandika kwa sababu bado nakutana na vijana wazuri kabisa, kodi zao safi, lakini hii sehemu ya makosa wanaiacha mpaka mwisho, wanaifanya haraka haraka siku moja kabla mfumo haujaenda laivu.

Nianze na mfumo mmoja tuliokabidhiwa, walishautengeneza watu wengine na ulikuwa unatumika tayari. Lugha ni PHP ya kawaida bila fremuweki (kodi ya msingi iliyoandaliwa tayari), databesi ni MySQL, na malipo yanapitia kampuni ya kati inayounganisha mitandao ya simu. Abiria anachagua basi na siti, anajaza jina na namba, simu yake inaletewa kidirisha cha kuweka PIN, akishaweka ile kampuni ya kati inaiambia seva yetu "muamala namba fulani umekamilika", hiyo ndo tunaiita kolbeki, na seva ikiipata inatengeneza tiketi na kutuma meseji. Malalamiko yakawa yale yale kila siku: pesa imekatwa, tiketi haijaja. Sio kwa wote. Wengi walikuwa wanapata bila shida yoyote. Lakini hawakosekani wachache wanaofika stendi ya Mbezi Luis alfajiri na begi zao, meseji ya mtandao wa simu wanayo kwamba wamelipa, kwenye orodha ya abiria hawamo, na siti yao kauziwa mtu mwingine.

Dada wa kaunta ndo alikuwa anabeba huo mzigo. Alinipigia asubuhi moja akaniambia, "Kaka, mimi hawa watu nawajibu nini? Kuna mama hapa ana watoto wawili, meseji ya malipo anayo mkononi, ninyi mnaniambia mfumo uko sawa." Na ukweli ni kwamba kwa macho ya seva mfumo ulikuwa sawa. Logi ya nginx, programu inayopokea maombi yanayoingia kwenye seva, inaonyesha kolbeki imefika, imejibiwa 200, yaani sawa. Logi ya PHP haina kitu. Hakuna onyo, hakuna kosa, hakuna chochote.

Sasa pale ambapo logi imenyamaza watu wanaanza kubuni. Malalamiko mengi yalikuwa ya mabasi ya Mwanza na Shinyanga, mengine Dodoma na Singida, lakini njia ya Tanga, Moshi na Arusha ilikuwa karibu haina. Basi ikaaminika kwamba njia ya Mwanza imeingizwa vibaya kwenye mfumo. Mtu akakaa akaifuta na kuingiza upya, vituo vyote na nauli zote. Tatizo likabaki pale pale. Wengine wakasema ni mtandao wa usiku. Jamaa mmoja wa ofisini akanunua tiketi ya Mwanza kwa simu yake mwenyewe kuhakikisha, ikaja ndani ya sekunde chache, akasema hawa abiria wanakosea kuweka PIN.

Tulipofungua faili la kolbeki tukaikuta. Kazi yote ya kutengeneza tiketi iko ndani ya try moja ndefu, na chini yake catch inayokamata kila eksepsheni, yaani kila kosa linalorushwa na programu, haiandiki popote, inajibu "OK" na kutoka. Yaani hata kazi ikifeli ile kampuni ya kati inaambiwa tumepokea na tumemaliza, kwa hiyo haina sababu ya kutuma tena. Laiti ingejibiwa 500, yaani seva imeshindwa, wao wangerudia baadae kama walivyoeleza kwenye maelekezo yao, na sisi tungeona rikwesti (maombi) za 500 kwenye nginx tukashtuka.

Hatukugusa kazi yenyewe kwanza. Tuliongeza kuandika tu, ndani ya ile catch: aina ya eksepsheni, ujumbe wake, faili na mstari, namba ya bukingi na namba ya muamala. Jioni hiyo hiyo logi ikaanza kuongea. Ikatoka SQLSTATE[42000], kosa namba 1064 la MySQL, ambalo ni kosa la sarufi ya SQL, lugha ya kuiamrisha databesi, na mwishoni MySQL ikaonyesha ni wapi ilipokwama: kuanzia neno wandu.

Jina la abiria lilikuwa Ng'wandu. Aliyeandika ile kodi alikuwa anaunganisha jina moja kwa moja kwenye sentensi ya INSERT, amri ya kuingiza data, limezungukwa na alama za kunukuu, kwa hiyo ile alama ya kwenye ng' ilifunga jina pale pale baada ya Ng, na kilichobaki MySQL haikujua ni kitu gani. Wakati wa kuweka bukingi jina lilikuwa linaingia vizuri maana kule alitumia njia salama ya PDO, zana ya PHP ya kuongea na databesi, ile ya kuandaa sentensi kwanza na kupitisha thamani pembeni. Huku kwenye tiketi akaandika mtu mwingine, au yeye mwenyewe siku nyingine, akaunganisha kwa mkono. Ndo maana abiria alikuwa anafika mpaka mwisho, analipa, halafu anaishia pale.

Na ndo maana ikaonekana ni basi la Mwanza. Majina yenye ng' yako mengi kwa Wasukuma, kwa Wagogo na makabila mengine ya huko kati na kanda ya ziwa, na wanaokwenda kwao wanapanda mabasi ya huko. Njia haikuwa na shida yoyote, aisee. Shida ilikuwa jina la mtu.

Kulikuwa na kitu kingine kilichotuchanganya, maana kwenye databesi tulikuta tiketi zilizotoka vizuri na jina lina ng'. Tukaziangalia herufi kwa herufi. Alama yake ilikuwa ile iliyopinda, sio iliyonyooka. iPhone ina tabia ya kubadilisha alama iliyonyooka ikawa iliyopinda unapoandika, na ile iliyopinda kwa MySQL ni herufi kama herufi zingine, haifungi kitu. Simu nyingi za Android zinaacha iliyonyooka. Kwa hiyo abiria wawili wa ukoo mmoja, jina lile lile, mwenye iPhone anapata tiketi na mwenye Tecno anakosa. Hebu fikiria ungeligunduaje hilo kwa kubuni tu bila logi. Na yule jamaa aliyejaribu kununua mwenyewe, jina lake halikuwa na ng' kabisa, kwa hiyo hata angenunua mara mia angepata zote mia.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi sana kuliko kutafuta. Na hapo hapo tukaona jambo kubwa zaidi ya tiketi, kwamba sehemu inayovunjwa na jina la mtu mwema ni sehemu hiyo hiyo ambayo mtu mbaya angeweza kupitishia amri zake za SQL. Lile kosa la 1064 lilikuwa linatuambia mlango uko wazi, kila siku linasema, na catch inalinyamazisha. PHP yenyewe ilishajitahidi, kuanzia toleo la 8 la mwaka 2020 PDO inarusha eksepsheni bila hata kuombwa, kabla ya hapo kwa kawaida ilikuwa inarudisha false tu na kuendelea. Lugha imepiga kelele, mtu kaziba mdomo wake.

Kutoka hapo nikawa na msimamo mmoja ambao sijaubadilisha. Kamata kosa pale tu ambapo una kitu cha kufanya nalo. Kama mtandao umekatika na unaweza kujaribu tena, kamata, jaribu tena. Kama siti imeshachukuliwa na unaweza kumpa abiria siti nyingine, kamata. Kama huna la kufanya, liache lipande juu, na juu kabisa kuwe na sehemu moja, moja tu, inayopokea makosa yote yaliyokosa mwenyewe, inayaandika na kumpa mteja jibu la kistaarabu. Kwa fremuweki, Laravel ya PHP ina sehemu hiyo tayari, Django ya Python inayo, Express ya JavaScript unaiandika mwenyewe kama kipokezi chenye vigezo vinne. Na ukikamata kosa ili urushe jingine lenye maelezo mazuri zaidi, beba lile la kwanza ndani yake. PHP unalipitisha kama kigezo cha tatu cha eksepsheni mpya, Python unaandika raise na from, JavaScript kuna cause. Usipolibeba utabaki na ujumbe wako mzuri wa "imeshindikana kutengeneza tiketi" na sababu yenyewe hutaijua.

Kwa wanaotumia Node, yaani JavaScript ya upande wa seva, niseme kitu hapa maana huduma yetu ya kutuma meseji ilikuwa Node na Express 4. Express 4 haikamati kosa linalotokea ndani ya fanksheni ya async, ile ya kazi inayosubiri matokeo na kurudisha "ahadi" (promise). Wewe umeweka kipokezi chako cha makosa vizuri, unaamini kitapata kila kitu, kumbe ahadi iliyovunjika inapita pembeni yake. Na kuanzia Node 15 ahadi iliyovunjika bila wa kuipokea inaua mchakato mzima. Sisi tulikuwa na PM2 inayowasha upya kila ukifa, kwa hiyo kwa nje huduma ipo, kumbe kila ikifa inaondoka na meseji zilizokuwa njiani. Kilichotuonyesha ni safu moja kwenye pm2 list, ile inayohesabu mara ngapi mchakato umewashwa upya, namba ilikuwa kubwa ya kutisha na hakuna aliyewahi kuiuliza. Express 5 iliyotoka 2024 imelirekebisha hilo, ahadi ikivunjika inapelekwa kwenye kipokezi chenyewe. Kama bado uko kwenye 4, zungushia kila fanksheni ya async kitu kinachopeleka kosa kwa next, ile inayolifikisha kwenye kipokezi.

Sasa tuje kwenye nini cha kuandika. Mimi huwa najiuliza nani ataisoma hii logi na atakuwa na swali gani. Kwenye kazi yetu swali ni moja karibu kila siku: abiria fulani kasema kalipa, pesa yake iko wapi? Kama mstari wa logi hausaidii kujibu hilo basi umejaza diski tu. "Imefeli kuhifadhi" haunisaidii. Nani? Bukingi gani? Muamala gani? Ilikuwa inahifadhi nini na ikagoma kwa sababu gani? Tulianza kuipa kila rikwesti namba yake tangu inapoingia nginx, kuna kigeu (variable) kinaitwa $request_id kinakutengenezea, tukaipitisha kwenye PHP, tukaipitisha kwenye foleni ya kazi zinazosubiri, tukaipitisha mpaka kwenye huduma ya meseji, na kila mstari wa logi unaibeba. Unatafuta kwa grep, amri ya kutafuta maneno kwenye mafaili, hiyo namba moja na unaona safari nzima ya yule abiria kuanzia alipobonyeza "lipa". Na kila tukio mstari mmoja wa JSON (data iliyopangwa kwa jina na thamani yake), sio maandishi yaliyotawanyika mistari arobaini, maana ukitafuta kwa grep utapata mstari mmoja kati ya hiyo arobaini na hautakuwa ule unaoutaka.

Mteja naye tukaanza kumpa kipande cha namba hiyo hiyo. Badala ya ukurasa mweupe anaona "Samahani, tiketi yako haijakamilika. Usilipe tena. Wasiliana nasi ukitaja kumbukumbu hii." Hayo maneno "usilipe tena" yaliwekwa na dada wa kaunta, sio sisi madevelopa, kwa sababu yeye ndo anajua mtu akiona hitilafu anachofanya ni kulipa mara ya pili.

Ila mteja apewe namba tu, asipewe undani wa kosa. Nimeona mifumo iko laivu na APP_DEBUG ya Laravel, swichi ya kuonyesha undani wa makosa, imeachwa true, unakosea anwani kidogo unapewa ukurasa mzima una majina ya mafaili na sentensi za SQL. Hii sio aibu tu, ni hatari ya kweli. Mwaka 2021 lilitangazwa tundu la usalama la CVE-2021-3129 kwenye Ignition, ile programu inayochora ukurasa wa makosa wa Laravel, kwenye matoleo ya kabla ya 2.5.2, ambapo mtu wa nje bila akaunti yoyote aliweza kuendesha kodi yake kwenye seva yako ilimradi tu umeacha hali ya debug. Undani wote uende kwenye logi.

Kuna la saa, na hili sijawahi kuliona likielezwa vizuri popote kwa mazingira yetu. Seva nyingi zinaandika UTC, saa ya pamoja ya dunia. Sisi tuko masaa matatu mbele. Halafu abiria anaongea saa za Kiswahili. Anakwambia "nililipa saa mbili usiku", hiyo ni 20:00 kwetu na kwenye logi ni 17:00. Kijana mpya anatafuta 02:00, anakosa, anamjibu mteja hakuna muamala. Na mbaya zaidi ni usiku mkubwa. Mtu kalipa saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi, hiyo ni 01:00 ya Jumamosi, kwenye logi ni 22:00 ya Ijumaa, kwa hiyo hata tarehe sio ile, na kama mafaili yenu ya logi yanagawanywa kwa siku basi utakuwa umefungua faili lingine kabisa. Juu ya hapo ile kampuni ya kati ilikuwa inatuma muda wa hapa Tanzania bila kuonyesha ni wa ukanda gani. Tulichofanya: kila muda kwenye logi unaandikwa mzima, tarehe na saa na mwisho wake +03:00 (saa yetu) au Z (UTC), hakuna muda unaoelea. Na kwenye ukurasa wa kaunta wa kutafutia miamala tukaweka saa ya Kiswahili kabisa, "Jumamosi, saa 7:12 usiku", dada wa kaunta asome anachoambiwa na mteja bila kupiga hesabu.

Halafu kuna viwango vya uzito wa ujumbe. Watu wengi wanaandika kila kitu kama kosa. Vile viwango vinane vya syslog, utaratibu unaokubalika wa kuandika logi, kuanzia debug mpaka dharura, viko kwenye waraka wa RFC 5424 ya mwaka 2009 na karibu maktaba zote za PHP zinavifuata, havikuwekwa kwa mapambo. Abiria akikosea PIN sio kosa la mfumo. Salio halitoshi, sio kosa la mfumo. Kabonyeza kataa, ni haki yake. Hivyo vyote ni info, yaani taarifa tu. Mtandao wa simu umechelewa kujibu na tumejaribu tena tukapata, hilo ni onyo. Pesa imepokelewa na tiketi imeshindikana, hilo ni kosa zito na mtu anatakiwa aamke hata kama ni usiku.

Kwenye ofisi ile walikuwa na grupu la WhatsApp ambalo kila kosa linatumwa humo. Mwanzoni watu wanakimbia. Baada ya muda linatuma mamia kwa siku, mengi yake ni salio halitoshi, kila mtu kalizima sauti, na siku moja databesi ikagoma kweli na ujumbe wake ulikuwa humo humo umezikwa katikati. Tukasafisha. Makosa yanayofanana yanakusanywa, yanatumwa mara moja na idadi yake. Info haitumwi popote. Na tukaongeza onyo la aina nyingine ambalo mimi nalithamini kuliko yote: kama ni mchana wa Desemba, watu wanakimbilia kwenda makwao kwa sikukuu, na dakika kumi na tano zimepita bila tiketi hata moja kutoka, mtu apigiwe simu. Hakuna eksepsheni hapo, hakuna mstari wa kosa, kila kitu kinajibu 200. Lakini kimya kwenye msimu ule hakiwezi kuwa cha kawaida, na kuna siku kolbeki zilikuwa hazitufikii kabisa kwa sababu cheti cha TLS, kinacholinda mawasiliano ya seva, kimeisha muda wake, kwa hiyo kodi yetu haikuwa na kosa lolote la kukamata, haikuitwa.

Upande wa pili ni nini usiandike. Ile kodi tuliyorithi, ukiacha kwamba haikuandika makosa, sehemu nyingine ilikuwa inaandika fomu nzima ya kuingia, pamoja na nywila ya wakala, kwenye faili linalosomwa na kila mwenye akaunti ya seva. Hata wakubwa limewakuta hili. Mei 2018 Twitter waliwaomba watumiaji wao wote, zaidi ya milioni 330, wafikirie kubadilisha nywila kwa sababu zilikuwa zinaandikwa wazi kwenye logi ya ndani. Sisi Tanzania sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, Wakenya wana ya kwao ya 2019, na logi nayo ni taarifa binafsi kama databesi. Kwa hiyo nywila, tokeni na namba za kadi haziingii kabisa, na namba ya simu inaingia tarakimu tatu za mwisho tu, zinatosha kumlinganisha mteja na muamala. Na kichujio kikae sehemu moja, kabla mstari haujaandikwa, usimtegemee kila developa akumbuke. Jina ndo lilitusumbua kuamua. Kwa lile kosa la ng' tusingejua bila kuona jina. Tukakubaliana logi ibebe namba ya bukingi, na anayechunguza aende kwenye databesi kwa ruhusa yake kuliangalia jina huko.

Diski nayo nisiisahau. Logi zisipozungushwa, yaani za zamani kubanwa na kufutwa, zitajaza diski, na diski ikijaa MySQL inashindwa kuandika, sesheni za PHP zinashindwa kuandika, na logi yenyewe inashindwa kuandika kwamba imeshindwa. logrotate, programu ya kazi hiyo, iweke siku ya kwanza. Na ukifuta faili kubwa la logi kwa amri ya rm halafu df, inayoonyesha nafasi ya diski, bado inasema imejaa, programu fulani bado imelishikilia lile faili, lsof +L1 itakuonyesha ni ipi, iwashe upya nafasi irudi.

Kolbeki yenyewe tuliipanga upya kabisa. Sasa hivi ikifika inahifadhiwa kwanza kama ilivyo, neno kwa neno, kwenye jedwali lake, ndo inajibiwa 200, halafu kazi ya kutengeneza tiketi inaenda kwenye foleni. Ikifeli inabaki kwenye orodha ya zilizofeli na sababu yake, ukirekebisha kodi unairudisha foleni na abiria anapata tiketi bila kulipa tena. Ila lazima uhakikishe namba moja ya muamala haiwezi kutoa tiketi mbili hata ikirudiwa, sisi tuliweka zuio la upekee kwenye safu hiyo kwenye databesi yenyewe.

Na kila siku saa kumi alfajiri kuna skripti inayolinganisha orodha ya malipo ya ile kampuni ya kati na tiketi zilizotoka kwetu, muamala kwa muamala. Hii inakamata hata makosa ambayo hakuna try iliyoyaona. Ikikuta mtu kalipa na hana tiketi, jina linaenda kwa dada wa zamu, anampigia yeye kwanza kabla abiria hajafika stendi, na siti yake inashikiliwa mpaka wamalizane. Siku ambayo hakuna mtu bado inatuma ripoti imeandikwa "hakuna", na ripoti isipofika kabisa mpaka saa kumi na nusu, dada wa zamu anajua skripti yenyewe ndo imekufa, anatupigia.